Mishale Miwili, Sanduku Moja

Ukitaka kumwona Bi Mshale amekasirika, mwambie kwamba mchoro unajieleza wenyewe. Huna haja ya kupaza sauti. Sema tu polepole, kama wanavyosema wakubwa wakiwa na kikombe cha chai mkononi, "Ah, mchoro unajieleza," kisha usogee pembeni. Atavua miwani, ataiweka mezani na kuuliza, "Una mdomo?" Ukijibu kwamba mdomo unao, atakwambia hakukuuliza wewe, kauliza mchoro.

Kuchora ndiyo ilikuwa kazi yake kwa miaka kumi na tisa. Kabla kompyuta haijaandikiwa programu ya kuendesha kitu chochote, iwe foleni ya benki, lango la bwawa au friji ya dawa, lazima mtu akae achore nini kianze, nini kifuate, na nini kingoje nini. Anachora masanduku, kila sanduku kazi moja. Kati ya sanduku na sanduku anachora mshale. Mchoro ukikamilika unakwenda kwa waandishi wa programu, nao wanaugeuza kuwa amri ambazo mashine inazitii bila kuuliza swali. Katika kampuni yao mchoraji alikuwa yeye, na jina la Bi Mshale alipewa na wenzake, nusu kwa sababu ya mishale aliyoichora, nusu kwa sababu ya ulimi.

Alizaliwa katika nyumba ya mshonaji. Mama yake alichora kwa chaki juu ya kitambaa, na nyumba nzima ilijua kwamba mstari mzima ni pa kukata na mstari wa vitone ni pa kukunja. Mwaka mmoja kazi zilizidi, shangazi akaja kusaidia. Akakata penye vitone, na gauni la bibi harusi likabaki la kumtosha mdogo wake bibi harusi. Watu walingoja mama amrukie wifi yake. Hakumrukia. Alijigombeza mwenyewe, kwa sauti, siku tatu mfululizo: "Nimempa chaki, sikumpa maana." Binti alikuwa na miaka tisa wakati huo, akadhani mama amechanganyikiwa.

Alianza kazi kama mpiga chapa, akasoma jioni baada ya kazi, na huko darasani akakutana na mwalimu mmoja wa hesabu, mwanamke mkali mwenye unga wa chaki mpaka kwenye nyusi. Mwalimu yule alikuwa na neno moja tu maishani mwake: alama isiyo na maana moja ni urembo. Alimwaga vifungo vya shati juu ya meza, akachora masanduku, akaweka kifungo katika sanduku la kwanza. Kifungo ndiyo kazi ilipofika. Mshale unakisogeza mbele. Vizuri. Sasa mishale miwili inaingia sanduku moja. Kifungo kimoja kimefika, cha pili kiko njiani. Sanduku lianze kazi, au lingoje?

Darasa lilijibu kwa kelele, nusu lianze, nusu lingoje. "Mnaona?" alisema mwalimu. "Na nyinyi hamjakosana bado. Ngojeni mkosane." Kisha akawafundisha kuandika sheria ya kila alama kwa hesabu, ili hata watu wawili wanaochukiana wakiisoma wasiweze kutofautiana, na hata mashine isiyo na akili isiweze kusingizia kwamba ilielewa vingine.

Bi Mshale aliondoka pale na ugonjwa ambao hakupona. Kazini kwake alitengeneza Karatasi ya Maana. Ilikuwa na alama kumi na moja, kila moja na sheria yake kwa hesabu upande mmoja na kwa maneno ya kawaida upande wa pili. Alama aliyoipenda kuliko zote ilikuwa mstari mnene mweusi, aliouita kizingiti. Mishale ikifika kwenye kizingiti hapavukwi mpaka yote imefika. Pasipo na kizingiti, anayetangulia anapita. Basi. Hata mtoto wa chekechea angeelewa.

Bosi wake hakuwa mtoto wa chekechea. Alikuwa mtu mzima mwenye suti nne na imani moja, kwamba jambo lisiloenea karatasi moja halieleweki. Ofisi nzima ilimwita Bwana Karatasi Moja, na nadhani alijua na alifurahi. Sasa Karatasi ya Maana kwa hesabu yoyote ilikuwa karatasi ya pili. Kila mradi Bi Mshale aliibana nyuma ya mchoro, na kila mradi bosi aliibandua. "Inawachanganya wateja," alisema. Bi Mshale aliibana tena. Walikwenda hivyo miaka sita, kama watu wawili wanaogombania dirisha, mmoja anafungua, mwingine anafunga.

Kisha ukaja mradi wa benki ya damu.

Hospitali kuu ilitaka friji zenye kufuli na taa. Damu ikishatolewa kwa mchangiaji, mfuko unaingia kwenye friji, na hautoki mpaka majibu mawili yamepatikana: la kundi la damu, na la maambukizi. La kundi hutoka upesi. La maambukizi huchukua saa kadhaa. Yakikamilika, taa inawaka kijani, mtaalamu wa maabara anabonyeza kitufe, kufuli linafunguka. Bi Mshale alichora PIMA KUNDI, akachora PIMA MAAMBUKIZI, akavuta mishale miwili mpaka kwenye kizingiti, na chini ya kizingiti akaweka sanduku, TOA MFUKO. Ulikuwa mchoro mkubwa, karibu masanduku mia tatu, wenye vizingiti vingi kwa sababu hospitalini kila kitu kinangoja kitu kingine.

Ijumaa mchana bosi alikuja akasimama nyuma ya kiti chake. Wateja walikuwa wanakuja Jumatatu.

"Hii mistari mieusi ya nini?"

"Vizingiti."

"Inaonekana kama nondo za jela. Na inajaza nafasi. Mchoro hauenei karatasi moja."

"Basi uwe karatasi mbili."

"Bi Mshale," alisema kwa upole ule wa kutia hasira, "nani asiyejua kwamba damu inapimwa yote mawili? Nani?"

Angegombana. Siku nyingine yoyote angegombana mpaka jioni. Lakini walikuwa wamegombana tangu asubuhi kuhusu jambo jingine, macho yalimwuma, na swali lile lilimwingia kichwani likakaa kitako: kweli, nani asiyejua? Akavifuta vizingiti kimoja baada ya kingine, mishale ikaingia kwenye masanduku bila kusimamishwa na mtu. Karatasi ya Maana ilishabanduliwa wiki moja kabla. Bosi akapachika nembo ya kampuni kwenye kona ya chini, kubwa kama sahani, akasema sasa mchoro umependeza.

Mwandishi wa programu alikuwa bwana mmoja mwenye ndevu nyingi na maneno machache, aliyetoka kampuni nyingine miezi miwili nyuma. Wote walimwita Ndevu. Huko alikotoka, mishale miwili ikiingia sanduku moja, anayetangulia anapita. Hakuwa mjinga, wala hakuwa mvivu. Alisita, akamwandikia bosi barua pepe ya mstari mmoja: mishale hii ingojewe yote, au mojawapo inatosha? Bosi akajibu kwa maneno mawili: "Fuata mchoro." Ndevu akaufuata.

Miezi minne mashine ilifanya kazi bila tatizo, kwa sababu kwa kawaida mifuko ililala kwenye friji siku mbili tatu kabla ya kuhitajika na majibu yote yalishatoka. Mwezi wa tano akaletwa mama aliyejifungua na kuvuja damu nyingi. Mifuko ya kundi lake ilikuwa imekwisha, umebaki mmoja ulioingia asubuhi hiyo hiyo. Jibu la kundi lilikuwa tayari. Taa iliwaka kijani. Mtaalamu wa maabara alibonyeza, kufuli likafunguka, damu ikaenda wodini. Jibu la maambukizi lilitoka baada ya saa mbili. Mama yule hakufa. Alipata homa ya ini kutoka kwenye mfuko ule, na sasa alikuwa na mtoto mchanga wa kulea na ugonjwa wa kutibiwa miaka.

Mtaalamu wa maabara aliyebonyeza alikuwa wifi yake Bi Mshale, mke wa mdogo wake.

Hawakupendana, hao. Hawakuwa maadui, lakini kila mmoja alimwona mwenzake amezidi. Kwenye shughuli za ukoo wifi alikuwa na mzaha mmoja ambao hakuchoka kuurudia: "Wifi, kweli unalipwa kwa kuchora masanduku? Basi na mwanangu nimlete, anachora na jua juu yake." Bi Mshale alijibu kwamba mtoto huyo angefaa kuwa mkurugenzi. Watu walicheka, wao wawili hawakucheka.

Jumapili mchana wifi aligonga mlango. Alisimama sebuleni na mkoba begani, akakataa kiti.

"Nimekuja kukuuliza kitu kimoja, kisha naondoka."

"Kaa kwanza."

"Sikai. Wamenisimamisha kazi. Wanasema nimebonyeza bila kuangalia, na kamati ikikubali hivyo leseni yangu inakwenda. Walitufundisha wiki mbili, tuache makaratasi, mashine inajua. Taa iliwaka kijani nikabonyeza. Wewe ndiye uliyechora hayo masanduku. Nieleze, hiyo taa inawaka lini?"

"Majibu mawili yakitoka."

"Moja lilikuwa bado."

Bi Mshale ndiye aliyekaa. Kisha aliinuka akaenda chumbani, akarudi na mchoro, akautandaza juu ya meza ya kulia chakula. Alitafuta sanduku la TOA MFUKO kwa kidole. Mishale miwili ilikuwa inaingia. Kizingiti hakikuwepo. Alijua hakitakuwepo, na bado alikitafuta, kama mtu anayepapasa mfuko uliotoboka.

"Kuna nini?" aliuliza wifi.

"Nitakuja kwenye kikao."

"Kufanya nini?"

"Kugombana."

"Hilo unaliweza," alisema wifi, akaondoka bila hata kunywa maji.

Hasira iliyompata Bi Mshale jioni ile haikuwa na mahali pa kukaa. Alimkasirikia bosi, hiyo ilikuwa rahisi. Alimkasirikia Ndevu, halafu akaona hana haki. Alimkasirikia wifi kwa kuwa wifi, maana kama angekuwa mtu mwingine angalau asingeonekana anatetea ukoo. Mwisho alijikasirikia mwenyewe, na hapo hasira ilikaa ikakunja miguu. Miaka kumi na tisa ya kupiga kelele, halafu Ijumaa moja kachoka. Aliipitia ile karatasi sanduku kwa sanduku, akaweka alama nyekundu kila mahali ambapo mishale miwili iliingia sanduku moja na haikuambiwa ingojane. Alipata sehemu arobaini na sita. Jumatatu asubuhi aliiandikia hospitali, bila kumwomba ruhusa bosi, akawapa orodha: hizi arobaini na sita zizimeni, fanyeni kwa mkono na karatasi na saini mbili kama zamani. Walizizima zote, kama orodha ilivyosema.

Kikao kilikaa baada ya wiki saba, asubuhi, katika chumba cha mikutano cha hospitali chenye meza ndefu na feni moja inayozunguka kwa kulalamika. Wajumbe walikuwa saba. Mwenyekiti alikuwa daktari mstaafu, mwanamke mwenye mvi, aliyeitwa na wote Mama Mwenyekiti. Wifi aliketi peke yake upande mmoja, mikono juu ya mapaja. Karibu na mlango aliketi mume wa yule mama mgonjwa, fundi mwashi, amevaa shati lililopigwa pasi vizuri na penseli ameisahau sikioni.

Bwana Karatasi Moja aliongea wa kwanza, na aliongea vizuri. Mchoro ulionyesha wazi kwamba vipimo viwili vinatangulia kabla ya mfuko kutoka. Programu iliandikwa kwa kufuata mchoro. Mchoro uko sahihi, programu iko sahihi, kilichobaki ni binadamu na kidole chake. Aliinamisha kichwa kidogo kumwelekea wifi, kama anayempa pole. Debe tupu haliachi kuvuma, lakini hili lilivuma kwa adabu.

Bi Mshale aliomba nafasi.

"Mama Mwenyekiti," alisema bosi haraka, "ni haki kamati ijue kwamba huyu ni wifi yake."

"Ni wifi yangu," alisema Bi Mshale, "na hatupendani. Mwulizeni."

"Ni kweli," alisema wifi.

Mjumbe mmoja alicheka akajifanya anakohoa. Mama Mwenyekiti alisema endelea.

"Sitaki mniamini mimi. Naomba mjiamini nyinyi." Aligawa nakala saba za mchoro na vipande saba vya karatasi. "Tazameni sanduku la TOA MFUKO. Jibu la kundi limefika. La maambukizi bado. Kwa mujibu wa mchoro huu, mfuko unatoka? Andikeni ndiyo au hapana. Msiandike mnachojua kuhusu damu. Andikeni mchoro unachosema. Na msichunguliane."

Waliandika upesi, kama watu wanaoulizwa jambo jepesi. Mama Mwenyekiti alifungua vipande kimoja kimoja akavisoma. Hapana. Ndiyo. Ndiyo. Hapana. Hapana. Ndiyo. Cha saba kilikuwa chake mwenyewe, hapana. Aliviangalia tena, akaviweka mafungu mawili.

"Lakini ni wazi," alisema mjumbe mmoja wa ndiyo. "Kila mshale una njia yake."

"Ni wazi kabisa," alisema wa hapana aliyekaa karibu naye, "kwamba yote lazima ifike."

Walitazamana.

"Wote mmesoma vizuri," alisema Bi Mshale, na sasa sauti yake ilikuwa imeanza kupanda ngazi. "Mchoro huu una maana mbili. Mlikaa miezi mitano na mchoro wenye maana mbili, mashine ikachagua moja, na mnataka kumnyang'anya leseni mtu aliyeona taa ya kijani. Mwulizeni na huyu bwana."

Ndevu alisimama. Alitoa simu akasoma barua pepe yake, kisha akasoma na jibu: "Fuata mchoro." Aliposoma maneno yale mawili bosi alitazama feni.

Hapo yule fundi mwashi akanyoosha mkono kama yuko shuleni. "Samahani. Mimi si mtu wa kompyuta. Lakini sisi tukipewa ramani ya nyumba, hata iwe ya choo, pembeni pana kijisanduku cha alama. Hii mistari ni ukuta, hii ni mlango, hii ni bomba. Sipokei ramani isiyo na hicho. Nyinyi chenu kiko wapi?"

Bi Mshale alitaka kuionyesha ile Karatasi ya Maana aliyokuwa nayo kwenye faili, ya miaka sita, yenye matundu ya pini kila kona. Aliona aibu kuitoa mbele ya mtu huyu.

"Kilikuwepo," alisema. "Kilibanduliwa. Na palikuwa na alama ya kuizuia hii damu isitoke. Hiyo niliitoa mimi, kwa mkono wangu. Niliambiwa niitoe, na nikaitoa, na nilijua."

"Mmesikia," alisema Bwana Karatasi Moja. "Amekiri."

"Nimekiri ndiyo. Na wewe kiri."

Hakukiri. Watu wa aina yake huwa hawakiri, huwa wanapokea maoni. Alisema amepokea maoni.

Wajumbe walitoka nusu saa, wakarudi na uamuzi umepigwa chapa ukurasa mmoja. Mtaalamu wa maabara hana hatia na anarudi kazini. Sanduku la TOA MFUKO lirekebishwe mara moja. Sehemu zote zilizozimwa ziwashwe tena Jumatatu. Palikuwa na sehemu tatu za saini, ya mwenyekiti, ya mkurugenzi wa kampuni, ya mchoraji. Mbili za kwanza zilikuwa tayari na wino.

"Na zile nyingine arobaini na tano?" aliuliza Bi Mshale.

"Zitashughulikiwa kwa awamu," alisema bosi.

"Lakini zinawashwa Jumatatu."

"Kwa awamu, Bi Mshale. Hospitali haiwezi kuandika kwa mkono mwaka mzima."

"Na mtu akipata ugonjwa kwenye sanduku la arobaini, ataugua kwa awamu?"

Mama Mwenyekiti alivua miwani. Alikuwa mtu mwema aliyechoka, na hao ndio wa kuogopwa zaidi. "Binti yangu, nisikilize. Uamuzi ni mmoja, karatasi ni moja. Bila saini yako haukamiliki, na usipokamilika, wifi yako harudi kazini na leseni yake inabaki mezani. Hicho ndicho ulichokuja kukitafuta. Saini."

Kalamu ilikuwa mkononi. Bi Mshale alimwangalia wifi. Wiki saba nyumbani, majirani wanamwuliza likizo gani hiyo isiyokwisha, mume akiongea kwa sauti ya chini kama kuna mgonjwa ndani. Alikuwa amekonda. Alistahili kurudi kazini leo leo. Hasira ilimkaba Bi Mshale mpaka akasikia ladha yake mdomoni, kwa sababu walimletea haki ya mtu mmoja imefungwa pamoja na hatari ya watu wengine wote, wakataka aseme asante.

"Siwezi," alimwambia wifi. Hakumwambia mwenyekiti. "Nisamehe. Siwezi."

Wifi alikunja uso. Kwa muda alionekana kama mtu atakayetukana. "Nani kakwambia usaini?" alisema. "Nilikwenda wodini kumwona yule dada. Aliniuliza kwa nini, sikuwa na jibu. Kesho taa ikiwaka kijani mbele yangu, nami sijui imewashwa na mshale upi, unadhani nitabonyeza? Mkono wenyewe utakataa. Weka kalamu chini."

Bi Mshale aliiweka. Bosi alianza kusema kuhusu taratibu na madhara, akaendelea kusema, na hakuna aliyekuwa akimsikiliza isipokuwa feni.

Yule fundi mwashi alikuwa amesogea mezani. Aliokota nakala moja ya mchoro iliyoachwa na mjumbe, akatoa penseli sikioni, akainama juu yake karibu pua iguse karatasi, kama wanavyosoma ramani watu ambao kosa likitokea ukuta unaanguka juu yao wenyewe. Alifuata kila mstari kwa ncha ya penseli, akitia kidoti, midomo ikihesabu. Ilimchukua muda. Hakuna aliyemwambia aache.

"Umesema ni ngapi hizo, dada?"

"Arobaini na sita."

"Mimi napata arobaini na saba."

"Ni sita. Nimehesabu mara nne."

"Saba. Njoo uone." Aligonga kona ya chini kwa penseli, penye nembo ya kampuni. "Mstari huu unaingia chini ya hii picha yenu, unatokea huku. Na huu nao hivyo hivyo. Yote miwili inaingia kwenye hili sanduku dogo hapa." Akasogeza karatasi kwenye mwanga akasoma, neno moja moja. "Toa mfuko. Wodi ya watoto wachanga."

Bi Mshale aliinama. Ilikuwa kweli. Aliyoipitia yeye mara nne ilikuwa karatasi hii hii, na mara zote nne jicho lilifika kwenye nembo likageuka. Orodha aliyoipa hospitali, orodha waliyoiamini na kuifuata neno kwa neno wiki saba nzima, ilikuwa ya arobaini na sita.

"Hiyo friji iko wapi?" aliuliza Mama Mwenyekiti.

"Ghorofa ya tatu," alisema wifi. "Ndogo, yenye mlango mweupe." Kisha rangi ikamtoka usoni. "Haikuzimwa. Haikuwa kwenye orodha, hawakuizima."

Kiti chake kilianguka nyuma. Alishapita mlangoni, mtu aliyesimamishwa kazi, asiye na ruhusa ya kukanyaga maabara, anakimbia kwenye korido kuelekea ngazi. Bi Mshale alivua viatu vyake vya kikao akavishika mkononi, akamfuata.